Salma, viza umeshaisajili?

Kikundi: Nyumba ya Ngamiani

Ijumaa, 14 Novemba

Salma (Lyon), 18:02: Asalaam alaykum familia. Tiketi nimeshakata. Natoka hapa tarehe 24, naunganisha Doha, Dar naingia 25. Kurudi ni tarehe 9 Desemba.

Hamisi, 18:03: Alhamdulillah dada. Harusi yangu Jumamosi ya 29 bila wewe, moyo wangu usingetulia.

Shangazi Mwana, 18:05: Karibu mwanangu. Sare ni dera la zambarau. Nitumie vipimo fundi aanze.

Idi (Marseille), 18:11: Salma, viza umeshaisajili?

Salma, 18:14: Nimeanza kaka Idi. Fomu nilijaza mtandaoni tangu Oktoba, bado haijakamilika. Kwani inazuia kusafiri?

Mama Salma, 18:16: Si viza ya mwaka mzima hiyo? Nimeiona kwa macho yangu, imeandikwa hadi Agosti.

Idi, 18:24: Shikamoo Mama Mdogo. Kweli imeandikwa hivyo, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Viza ya Salma ndiyo hiyohiyo kibali chake cha kuishi, ila lazima aisajili kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya ndani, ndani ya miezi 3 tangu aingie Ufaransa. Miezi 3 ikipita hajasajili, anahesabiwa hana kibali, na mpaka wa Schengen (zile nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja) havuki tena, hata kama kibandiko cha viza kwenye pasipoti kinasema Agosti. Salma, uliingia lini?

Salma, 18:25: 4 Septemba.

Idi, 18:29: Basi mwisho wako ni mwanzoni mwa Desemba. Kutoka tarehe 24 hakuna tatizo, viza yako bado inafanya kazi. Kasheshe ni tarehe 9. Utakuwa umesimama kaunta Dar na masanduku yako, miezi 3 imepita, uthibitisho wa usajili huna. Wanaweza kukukatalia kupanda ndege. Hapo ni kuomba viza upya, na mitihani yako Januari.

Mama Salma, 18:30: Ya Rabi. Basi usije mwanangu. Hamisi ataelewa.

Baba Mdogo, 18:33: Shemeji, tulia kwanza. Zimebaki siku 10. Idi, hakuna njia?

Idi, 18:34: Subira tu inahitajika, Baba Mdogo, njia ipo. Salma, imekwama wapi hasa?

Salma, 18:36: [picha imefutwa]

Idi, 18:36: Futa hiyo picha! Namba ya pasipoti yote inasomeka, na humu tupo watu 43. Nieleze kwa maneno.

Salma, 18:38: Nimefuta, samahani. Imekwama kwenye malipo. Kadi ya benki ya huku haijanifikia, nilihama chumba na barua zinakwenda anwani ya zamani. Kadi ya nyumbani inakataa.

Idi, 18:45: Kadi si lazima. Kesho asubuhi nenda duka la tumbaku, yale yenye alama nyekundu ya umbo la almasi nje. Mwambie unataka timbre fiscal ya titre de séjour, yaani stempu ya malipo ya kibali cha kuishi, kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye fomu. Lipa taslimu. Atakupa karatasi yenye tarakimu 16, hizo ndizo unaziingiza kwenye tovuti. Si kila duka wanazo, wakikosa nenda la pili. Na anwani yako irekebishe hapohapo.

Shangazi Mwana, 18:50: Mbona mtoto wa jirani, aliyemfuata mumewe huko, aliambiwa aende ofisi ya serkali?

Idi, 18:53: Shangazi, kibandiko chake bila shaka kiliandikwa carte de séjour à solliciter, yaani kadi ya kuishi bado ya kuombwa. Hiyo haisajiliwi mtandaoni hivi, mtu anaomba kadi préfecture, hiyo ofisi ya serikali, ndani ya miezi 2. Kila mtu asome kibandiko chake, asifuate cha mwenzake.

Idi, 18:58: Salma, nakusukuma kwa sababu mimi nilikuja 2018, enzi za kutuma fomu kwa posta na kungoja kuitwa. Babu alifariki usajili wangu haujatoka na miezi 3 imeshapita. Nilisikiliza maziko yake kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za bweni. Sitaki wewe yakukute.

Mama Salma, 19:01: Mwanangu Idi. Hukutuambia.

Jumamosi, 15 Novemba

Salma, 10:47: Duka la kwanza mashine mbovu. La pili amenipa. Naingiza namba sasa hivi.

Salma, 11:06: Imekubali!! Kuna faili la kupakua, juu limeandikwa Confirmation de l'enregistrement (uthibitisho wa usajili), jina langu lipo na namba ya viza ipo.

Idi, 11:08: Hilo ndilo. Linganisha namba na ya kwenye kibandiko, moja baada ya nyingine. Kisha chapisha nakala mbili: moja ndani ya pasipoti, nyingine kwenye mkoba. Simu inaweza kuzimika ukiwa kaunta.

Salma, 11:15: Zimelingana zote. Nakwenda kuchapisha maktaba ya chuo.

Mama Salma, 11:17: Alhamdulillah. Usiku kucha sikulala. Idi, na wewe Desemba ukipata nafasi njoo, tukamsomee babu yako dua pamoja.

Idi, 11:20: Nitakuja Mama Mdogo.

Salma, 11:31: Shangazi, kifua 38, nyonga 42, urefu 56.