Nimeuziwa wino wa mihuri ya ofisi kama "pigmenti" hapa Arusha mjini, kadi 60 za Halloween zote zimeharibika

Wakuu habari za jioni. Sina kawaida ya kufungua uzi wa kulalamika ila hili limenikaa kooni tangu juzi, nimeshindwa hata kula vizuri.

Mi natengeneza kadi za mkono, nakaa Sakina, huu mwaka wa tatu. Wateja wangu wengi ni wageni wanaoishi huku wenye watoto shule za kimataifa, na mwezi wa kumi ndio msimu kwa sababu ya Halloween tarehe 31. Safari hii mama mmoja wa Usa River kaweka oda ya kadi 60, elfu sita moja, akanipa advansi laki na nusu. Na kwa wale watakaokuja na habari za mashetani, hiyo siku ni mkesha wa Watakatifu Wote na jina lenyewe limetokea huko, mi Mkatoliki na sioni dhambi kuchora boga lenye meno.

Mihuri nachonga mwenyewe kwenye raba, boga moja kubwa na popo wawili, maneno ya Happy Halloween nilipeleka kwa fundi mihuri maana herufi lazima zikae kinyume na mkono wangu haujafika huko. Nagonga kwa wino mweusi, nauacha ukauke, halafu boga napaka rangi ya maji kwa brashi. Sasa hapo wino ndio kila kitu. Huu wa ofisini rangi yake imeyeyushwa kwenye maji, ukipitisha brashi yenye maji inayeyuka tena inatembea. Pigmenti ni chembechembe ambazo hazijayeyuka, inachelewa kukauka ila ile nzuri ikishakauka maji hayaigusi.

Nikaenda duka moja la stationari mjini, nikamuuliza yule kaka mara tatu, hii ni pigmenti kweli, haitoki na maji? Akasema dada chukua hiyo ni orijino, elfu 28 pedi moja ya wino, kile kisanduku cha kugongea muhuri. Nikalipa. Usiku nikagonga kadi zote 60, ndivyo tunavyofanya, unagonga zote ndio unapaka, na kabla sijaendelea nilijaribu kusugua ya kwanza kwa kidole haikutoka kitu, kwahiyo msije kuniambia sikujaribu. Asubuhi nachovya brashi, napitisha kwenye boga la kwanza, weusi wote ukamwagika kwenye rangi ya chungwa likawa tope. Nikadhani maji yamezidi. La pili tope. La tatu tope. Karatasi za gramu 300 nilizoagiza Dar zikaja kwa basi, zote zimeshagongwa, hazirudi tena!

Nikaibandua ile stika ya pedi, chini yake kuna lebo nyingine kabisa imeandikwa wino wa mihuri ya ofisi. Yaani mtu kakaa chini akabandika stika juu ya lebo. Nimerudi dukani na pedi na kadi tano mkononi, yule kaka hata hakuziangalia, ananambia wino ni wino dada, labda hujui kutumia, halafu ananyoosha kidole ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Mbele ya wateja wengine. Hilo la kuambiwa sijui kazi yangu ndio limeniuma kuliko hata hela.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, kibandiko cha ukutani hakiifuti. Risiti ninayo, stika ninayo, Jumatatu naandika barua kwa Tume ya Ushindani. Kama kuna mwingine kauziwa pedi yenye stika mbili aje PM tuungane.

Ila kwa sasa hivi shida yangu ni muda, yule mama anazitaka tarehe 30. Mwenye pedi nyeusi ya pigmenti Arusha au hata Moshi, hata kama umeshaitumia kidogo, niambie bei, naifuata leo leo hata saa nne usiku.