Keloidi kwenye sikio la binti yangu, akatwe au achomwe sindano?

MamaNasra: Habari zenu wakuu, nina binti wa miaka 17 alitoga tundu la pili la sikio saluni mwaka jana, likapona vizuri tu ila baadae pakaanza kuota kinyama, mwanzo kadogo nikajua kataisha sasa hivi kamefika saizi ya korosho na kanamuwasha sana usiku, nywele hataki kufunga anakaficha. Duka la dawa nimeuziwa krimu ya makovu wapi, hakuna kitu. Kuna zahanati wanasema wanakata fasta na anarudi nyumbani siku hiyohiyo, kuna mwenye uzoefu? Maana nasikia inarudi

Chuma_cha_Mbagala: twanga kitunguu saumu mpake usiku, inanywea yenyewe

DaktariNgozi_Moshi: Chuma usimpoteze mama wa watu, kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi, na kwa mtu mwenye asili hiyo kidonda kipya ndio mwanzo wa keloidi nyingine.

Mama Nasra ulichosikia ni kweli. Kovu nene la kawaida linabaki palepale kidonda kilipokuwa na linaweza kupungua lenyewe, keloidi inavuka mpaka wa kidonda inaingia kwenye ngozi ya pembeni isiyoumia na haiishi yenyewe. Ikikatwa tu bila kufuatiliwa, vitabu vinaandika asilimia 45 hadi 100 zinarudi, na ikirudi inaweza kuzidi ya kwanza. Kwa hiyo swali la kuwauliza hao sio wanakata kwa dakika ngapi, waulize baada ya kukata wanafanya nini. Wakikwambia unaenda kutoa nyuzi basi, ondoka.

Kawaida tunaanza na sindano za triamsinoloni, ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, inachomwa ndani ya kovu lenyewe kila wiki 4 hadi 6. Muwasho ndio unapungua mapema, uvimbe unafuata taratibu. Sikio lina bahati yake, likishakatwa unaweza kuvaa kibanio maalum cha kukandamiza pamoja na hizo sindano. Kuna kugandisha kwa baridi kali pia, ila kwa ngozi zetu nyeusi kunaacha baka jeupe. Mionzi baada ya kukata ipo kwa zile sugu, Dar kuna hospitali ya saratani ya Ocean Road, lakini kwa binti wa umri huo mimi nisingeanzia huko

sele_bway: mi ninayo kifuani ilitokana na chunusi, nimechomwa hizo sindano. Zinauma asikudanganye mtu, kovu gumu dawa inaingia kwa kusukumwa!! ila imelala, shati linakaa. Rangi ndo haijarudi na pembeni pameparara kidogo. Mwambie mapema asitegemee ngozi ya zamani

MamaNasra: Asanteni sana. Na zile plasta za silikoni je?

DaktariNgozi_Moshi: Zinasaidia zaidi kovu likiwa changa au baada ya matibabu, na zinataka uvumilivu, masaa 12 au zaidi kwa siku, miezi miwili mitatu. Kwa la saizi ya korosho peke yake haitoshi.

MamaNasra: Sawa dokta. Sasa mdogo wake nae ana miaka 12 ananisumbua anataka tundu la pili kama dada yake 😩

DaktariNgozi_Moshi: Huyo mkatalie kabisa. Hii kitu inatembea kwenye ukoo na inapenda kuanza umri wa balehe mpaka 30 hivi. Mnunulie hereni za kubana

sele_bway: 😂😂 atalia wiki nzima