Kwa nini watu wa majuu wanang'ang'ania harusi ya mwezi wa sita?

MamaPacha_Umoja
Hamjambo humu ndani. Niko na swali na aki msinicheke. Mtoto wa shangazi yangu anaishi Stockholm miaka tisa sasa, amepata mchumba huko, na wamesema harusi ni huku Nairobi, bustani ya Kiambu Road, nje kabisa bila tenti, Jumamosi ya tatu mwezi wa sita. Mimi ndio katibu wa kamati. Nikimwambia Juni ni baridi ananiambia ati Juni ndio mwezi wa harusi dunia nzima, maua, jua, sijui nini. Dunia gani hiyo? Mimi Juni nikitoka nyumbani asubuhi navaa sweta mbili na bado kwa matatu hakuna mtu anakubali dirisha ifunguliwe. Hii mambo ya Juni ilianzia wapi, na kuna mwenye alishafanya harusi ya nje huo mwezi hapa Nairobi akatoka salama?

KabatiLaVitabu
Ilianzia Roma. Jina Juni wengi wanasema limetoka kwa Juno, mke wa Jupiter, mungu wao wa kike aliyesimamia ndoa. Kuna maelezo mengine pia, kwamba ni kutokana na neno la Kilatini la vijana, vile Mei ilikuwa ya wazee, na hata Warumi wenyewe hawakukubaliana. Kalenda yao ya kwanza mwaka ulianza Machi kwa hivyo Juni ilikuwa mwezi wa nne, na baadaye ikawa na siku 29 mpaka Julius Caesar alipopanga kalenda upya akaiongeza ikawa 30.

Sasa sikia hii yenye watu hawasemangi. Kwa hao Warumi wenyewe nusu ya kwanza ya Juni ilikuwa mkosi kwa harusi! Kulikuwa na sherehe ya Vesta, mungu wa jiko na moto wa nyumbani, kuanzia tarehe 7, na mpaka hekalu lifagiliwe na taka zitupwe mto Tiber tarehe 15 hakuna kuoa. Mshairi wao Ovid ameandika alikuwa anatafuta siku ya kuozesha binti yake, akaenda kuuliza kwa mke wa kuhani wa Jupiter, mama akamwambia ngoja takataka zitoke kwanza, mimi mwenyewe siku hizi sichani nywele, sikati kucha wala simkaribii mume wangu. Kwa hivyo mwambie huyo dada Jumamosi ya tatu imepita kwa Warumi. Mkosi ni kwa hali ya hewa tu.

Wa_Githurai
Mimi nilisikia wazungu wa kitambo walikuwa wanaoga mara moja kwa mwaka, Mei, so Juni wakioana bado hawanuki sana, na yale maua bibi harusi anashika ni ya kufunika harufu 😂😂

KabatiLaVitabu
@Wa_Githurai hiyo ilisambazwa na barua pepe ya mwaka wa 1999 na mpaka leo haijakufa. Watu wa kitambo walikuwa wanaosha mwili kwa beseni kama sisi tu maji yakipotea. Sababu ya maana ni kwamba huko kaskazini Juni baridi imeisha, barabara zimekauka, maua yako na mavuno makubwa bado. Ndio nafasi ya sherehe.

NilirudiJuzi
Mimi nimeishi Sweden miaka minne wacha nimtetee huyo dada kidogo. Huwezi elewa Juni ya kule mpaka uone Desemba yake, jua linatoka saa tatu kasoro asubuhi na saa tisa mchana limezama, unaenda kazi giza unarudi giza. Halafu Juni inafika jua linachomoza saa tisa unusu USIKU na kuzama saa nne usiku, na hata likizama giza haliji vizuri. Watu wanakuwa kama ng'ombe wamefunguliwa boma. Kuna sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, mkesha wake tangu 1953 umewekwa Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25, mji unabaki mtupu kama Nairobi ya Krismasi, kila mtu ameenda ushago. Wanasimamisha mlingoti mrefu umefungwa majani na maua, wazee kwa watoto wanauzunguka wakiruka kama vyura, sikutanii, na mimi niliruka. Chakula ni samaki wa kuwekwa siki, viazi vipya na stroberi. Na msichana ambaye hajaolewa anachuma maua aina saba bila kuongea na mtu, analaza chini ya mto, aote atakayemuoa.

Kanisa nalo likaweka Yohana Mbatizaji tarehe 24, miezi sita kabla ya Krismasi, kwa hivyo moto wa usiku huo nchi nyingi za Ulaya unaitwa wa Mtakatifu Yohana. Lakini muulize huyo dada ukweli, mara ngapi hiyo sikukuu imenyeshewa? Mimi minne, mbili tulikula ndani ya gereji.

Mtu_wa_Limuru
Nairobi mnalia na hamjakuja huku kwetu. Sisi hiyo baridi inaitwa gathano na hakuna mtu alikuwa anapanga karamu ya nje, ilikuwa kukaa jikoni. Na msidhani ni winter kama ya Ulaya, siku ni ile ile masaa kumi na mawili. Jua liko upande wa kaskazini, upepo unatoka bahari ya Hindi na unyevu, ukipanda huku juu, karibu mita 1,700 na zaidi, unageuka wingu zito la chini na linakaa hapo wiki nzima kama mgeni hajui kuaga.

DamuYaPwani
Huo upepo unaousema ndio kusi, babu zetu waliujua kabla ya utabiri wa redio. Kaskazi ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikiyarudisha, lakini Juni na Julai bahari huchafuka mno, majahazi yakifungwa bandarini. Na harusi zetu hazikuangalia Juni hata, zafuata mwezi wa kuandama. Ramadhani ikesha yaja mfunguo mosi, hapo ndipo ngoma zaanza, na kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kama siku 11, huzunguka majira yote. Kwa kilimo na safari kulikuwa na mwaka wa Nairuzi, wa siku 365, zahesabiwa kumi kumi. Mwaleta Juno ya nini?

Kiti_cha_Nyuma
Kamati ikumbuke pia tarehe moja ni Madaraka, 1963 tulipata serikali ya ndani na Kenyatta akawa Waziri Mkuu, watu wametumia pesa ya mapumziko. Tarehe 3 mama zetu nusu wako hija ya mashahidi Namugongo, Uganda, wengine wameenda na miguu. Halafu bajeti inasomwa na kila mtu anajua kitu fulani kimepanda. Mchango utapata kweli?

MamaPacha_Umoja
Wueh, asanteni. Nimemsomea hiyo ya vyura kwa simu amecheka mpaka akalia, akakubali na hizo za mvua ni ukweli. Tumekubaliana hivi: tarehe inabaki, tenti inaingia na iwe na pande zote, ibada saa saba si saa nne, na chai ya tangawizi inapita kabla ya soda. Watu wa bwana harusi wameruhusiwa mlingoti wao. Sasa mwenye anajua wanakokodisha zile hita za gesi ndefu kama mwavuli anitumie meseji, na tafadhali bei ya kamati si bei ya matajiri wa mtaa wa Karen.