Tupeane uzoefu: vepu (sigara ya kielektroniki) ilikuachisha sigara, au sasa unavuta zote mbili?

Mtoto wa Urambo

Wakuu, mwangaluka. Naishi Tabora mjini, Ipuli, ila nyumbani ni Urambo. Nimekulia kwenye tumbaku. Tukichuma majani asubuhi yakiwa na umande, jioni kichwa kinazunguka na tunatapika. Baadaye sana ndiyo nikajua ni nikotini iliyokuwa inapita kwenye ngozi. Mwili wangu uliijua kabla sijawasha sigara ya kwanza.

Nilianza sigara nikiwa na miaka 19, nikafika pakiti nzima kwa siku. Mwaka juzi binamu yangu aliniletea vepu kutoka Dar, akasema ndani ya mwezi nitakuwa nimeacha. Sigara zimepungua kweli, kutoka 20 hadi 6 au 7. Lakini vepu haitoki mfukoni. Sigara ina mwisho, ukifika kwenye kichungi unatupa. Hii haina. Naivuta kitandani, naivuta kwenye bajaji, mahali ambapo sigara nisingethubutu kuwasha. Nahofia nikotini ninayoingiza sasa ni nyingi kuliko zamani.

Marekani mwaka 2021 waliovuta vepu walikuwa 4.5% ya watu wazima, na kwa wenye miaka 18 hadi 24 ikafika 11%. Kwetu, utafiti wa 2018 ulikuta 8.7% ya watu wazima wanatumia tumbaku. Mimi nataka kuwasikia wenyewe. Nani kaacha kabisa, nani anachanganya kama mimi, nani alianzia kwenye vepu?

Boda wa Isevya

Nachanganya, mkuu. Sigara kijiweni, vepu nikiwa na mteja maana harufu ya moshi wanailalamikia. Sijapunguza chochote.

Binti Mwanga

Kaka, mimi ndiye huyo wa mwisho. Sikuwahi kugusa sigara. Nilipokuwa chuo Dodoma, mwenzangu wa hosteli alikuwa na ya ladha ya embe, nikajua ni mvuke wa maji tu. Tulikuwa tunapokezana usiku tukisoma, mwisho nikanunua yangu.

Likizo nikapanda treni kurudi Kigoma. Siku ya tatu juisi, yale maji ya kwenye vepu, ikaisha, na maduka niliyozunguka pale Mwanga hawakuwa nayo. Nilikosa usingizi, nikawa namjibu mama vibaya kwa vitu vidogo, na mama yangu hajazoea hivyo kutoka kwangu. Siku ya tano nikamtuma mtoto wa jirani sigara mbili za rejareja. Nikavutia nyuma ya choo, nikakohoa mpaka machozi, na bado nikawasha ya pili. Sigara yangu ya kwanza maishani niliivuta kwa sababu vepu imeisha. Inaniuma hadi leo, na zaidi kwamba nilimtuma mtoto.

Muuguzi Sikonge

Pole sana mdogo wangu. Ule si mvuke wa maji. Juisi ina gliserini, propilini glaikoli, vionjo, na mara nyingi nikotini. Kwa kuwa hakuna majani yanayoungua, mvutaji anayehamia vepu moja kwa moja anakwepa lami na sumu nyingi za moshi. Anayechanganya bado anaupokea moshi uleule. Asiyevuta hana anachokwepa, anajiongezea tu.

Msinunue juisi za kuchanganywa mitaani. Mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 Marekani watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa kuumia mapafu, wengi walikuwa wamevuta juisi zenye kemikali ya bangi, zilizotiwa mafuta ya vitamini E. Na mwenye watoto afungie chupa kabatini, ikimezwa ni sumu.

Mzee wa Kaliua

Mwanangu wa Urambo, nilivuta miaka 26. Mimi nilipanga siku ya sigara ya mwisho kwanza, vepu ikafuata. Nikaanza na juisi yenye miligramu 12 za nikotini kwa mililita, nikashuka 6, nikashuka 3. Ile 3 nilikaa nayo muda mrefu kuliko zote. Kilichokuwa kigumu ni mkono. Kila baada ya ugali ulikuwa unatafuta kitu. Sasa ni miezi minane bila chochote.

Mtoto wa Urambo

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Sikuwahi kupanga siku. Kwenye pakiti zimebaki 4, na mke wangu nimemwambia ni za mwisho. Juisi yangu inasoma 20, naomba unielekeze nishuke vipi kutoka hapo.