Lifti ya lori hadi Voi: nisimame wapi?

Kijana wa Kongowea:
Wazee hamjambo? Nataka kutoka Mombasa kwenda Voi kwa lifti. Nauli ya basi ninayo. Ninachotaka ni safari yenyewe, niketi mbele na dereva tuzungumze. Nisimame wapi?

Dereva Mstaafu:
Mwanangu, mjini usijisumbue. Panda matatu hadi Mariakani. Pale kuna mizani ya kupimia malori, malori ya mzigo hupunguza mwendo na dereva apata nafasi ya kukutazama usoni.

Nimeendesha lori barabara hii miaka mingi, na abiria niliyempenda ni yule aongeaye. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na usiku ukifika Taru au Maungu, nyika tupu, usingizi ndio adui. Mmoja alikuwa mwalimu. Alinisimulia wale simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, mpaka nikasahau uchovu. Sikumtoza kitu, hata chai ya Mtito Andei nililipa mimi.

Ila uliza kabla ya kupanda. Wengine wataka ya chai, na si vibaya. Tena matajiri wengi, wenye malori, wamekataza kubeba watu. Ukikataliwa, mshukuru, ngoja mwingine.

Mama Kisauni:
Nami naongeza: mtumie mtu wa nyumbani namba ya gari kabla hujapanda. Mimi na dada yangu huenda mchana tu.

Kijana wa Kongowea:
Shukran sana. Lori laingia Voi mjini?

Dereva Mstaafu:
Hapana, utashuka barabara kuu. Bodaboda ziko.