Mafundi mnaopiga alaimenti ya kwadi kwa jicho mtatuulia watu, nataka hela yangu

Wakuu leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Nina kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, Yamaha Raptor 700, nilinunua mkononi kwa mtu, naendeshea huku Kigamboni. Mwezi uliopita boljointi za mbele (vile viungio vya gurudumu na amu zake) zilikuwa zinacheza nikaipeleka gereji moja hapa mjini (jina naliacha), wabadilishe na wanipigie alaimenti ya mbele kabisa, yaani kunyoosha tairi za mbele ziangalie inavyotakiwa. Alaimenti peke yake elfu 80. Fundi akachuchumaa mbele, akafumba jicho moja, akamwambia mwenzake zungusha kidogo, tena, hapo hapo, wakafunga. Dakika kumi haziishi. Nikamuuliza bro hupimi? Akasema kazi hii anaifanya miaka 15, jicho lake ndo futi.

Kesho yake mdogo wangu akaichukua. Barabara ya vumbi, anasema akifika kama 50 hivi hendeli inaanza kumchezea mara kushoto mara kulia, akagonga kashimo kadogo tu ikamnyang'anya mikononi akaenda kuvaa mkorosho. Alikuwa na helmeti, Mungu ashukuriwe, ila mkono umechubuka kuanzia kiganja mpaka kiwiko, mama alipouona alikaa chini hakusema kitu.

Gereji ya kompyuta ya magari wakanirudisha, klampu zao hazishiki rimu ya inchi 10. Basi nikaamua kupima mwenyewe nyumbani, na hapo ndo nilipochemka zaidi, maana vifaa vyote nilikuwa navyo! Futi, chaki, kamba ya waashi, mikanda miwili ya kufungia mizigo.

Kwanza nikasawazisha upepo, hizi tairi zinabeba kidogo sana, mimi naweka psi 4 pande zote mbili, ukikosea hapo vipimo vyote vinakudanganya. Nikaangalia springi za shokapu zimekazwa sawa kushoto na kulia. Nikanyoosha hendeli, napima toka ncha yake mpaka ekseli ya nyuma kila upande mpaka zikalingana, nikaifunga kwa mikanda isitikisike. Halafu nikainua mbele kwa jeki, nazungusha tairi huku nimeegemeza chaki kwenye tofali, ikachora mstari katikati ya tairi mzunguko mzima. Nikashusha, nikaisukuma mbele na nyuma ili amu zikae, na mdogo wangu (kwa mkono wake ule ule) akakaa juu ya siti maana shokapu zikibonyea na vipimo vinabadilika. Ndo nikapima toka mstari wa tairi ya kushoto mpaka wa kulia, usawa wa katikati ya gurudumu, kwanza upande wa mbele wa tairi kisha upande wa nyuma wa tairi hizo hizo.

Mbele sentimita 94.6. Nyuma 92.8.

Milimita 18 tairi zinaangalia NJE wakuu. Zinatakiwa ziangalie ndani kidogo, mbele pawe padogo kuliko nyuma kwa milimita chache, kipimo chenyewe kipo kwenye kitabu cha mashine. Zikiangalia nje hivyo kila tairi inataka kwenda njia yake, ikigonga jiwe upande mmoja imeshakupeleka. Halafu angalia tairodi zenyewe, zile fimbo zinazotoka kwenye usukani kwenda kila gurudumu: kushoto thredi sita zipo nje, kulia kumi na nne. Kazungusha upande mmoja tu! Ndo maana hata hendeli ilikuwa imelala upande nikadhani ni mimi nimezoea vibaya.

Na kuna hii loknati, nati inayoifunga tairodi isizunguke. Tairodi ina thredi za kawaida upande mmoja na za kinyume upande mwingine, ndo maana ukizungusha rodi yenyewe inarefuka au inafupika bila kuifungua ncha. Huyu bwana hakujua, kalazimisha nati ya kinyume kwa spana kubwa mpaka kona zote sita zimelika, imekuwa duara kama pete, na baada ya hapo akashindwa kuikaza. Nimeifungua kwa VIDOLE. Mdogo wangu aliendeshea hiyo.

Nikanunua nati mpya, nikarudisha rodi zote mbili urefu sawa, nikawa nazungusha robo robo kila upande kwa kiasi kile kile, napima, nasukuma mbele na nyuma, napima tena. Jumapili nzima imeisha hivyo na mgongo unaniuma. Mbele 93.5, nyuma 94.0. Milimita 5 ndani. Nikaenda nayo mwenyewe barabara ile ile, nikapita penye ule mkorosho, mashine imenyooka mpaka nikasimama nikashuka kuangalia tena nati kama zimekaza.

Sasa niambieni, mtu mwenye gereji na mwenye futi ukutani anashindwa nini kutoa nusu saa kupima? Na msinijibu "bei yake ndogo mkuu". Elfu 80 si ndogo, na kama hujui sema hujui nitafute mwingine.

Kesho saa tatu asubuhi nipo mlangoni kwao na ile nati mfukoni, na mdogo wangu nakwenda naye wauone mkono. Nitaleta mrejesho.