Huyu mwalimu wa Kiayalandi ipo siku tutafikishana kubaya

Wakuu, naandika natetemeka. Mlioko Dublin mnamjua, yule wa darasa la jioni, simtaji.

Leo kaninyanyua mbele za watu niseme "msichana". Sasa, si ni yeye aliyetufundisha kwamba nomino ya kike ikitanguliwa na an, ile "the" yao, inalainishwa, yaani herufi ya kwanza inafuatwa na h? Bean, mwanamke, inakuwa an bhean. Basi msichana naye si wa kike? Nikatoa kwa kifua: AN CHAILÍN!

Alifumba macho. Mtu mzima, kafumba macho kama kalambishwa shubiri. Halafu taratiiibu: "Cailín ni ya kiume. Hata wa chekechea wanajua." Darasa zima kwikwikwi.

Msichana wa kiume! Eti kisa inaishia na -ín. Na stail, farasi dume kamili na vyake vyote, ndiyo ya kike. Halafu huyohuyo cailín ukiendelea na habari zake unamwita sí, kiwakilishi cha kike! Nimekosa nini hapo? Angenitukana tu yaishe. Kufumba macho?

Chai Rangi: Nimecheka nimemwagia simu. Eti kwa kifua 😂

Mgosi: Wewe si ndiye juzi umeandika "gari yangu limeharibika"? Ngeli mbili kwa gari moja. Jinsia mbili zitakuachaje salama?

Shangazi Berlin: Mbili mnadeka. Huku ziko tatu, na Mädchen, msichana huyohuyo, hayumo kwa wanawake wala kwa wanaume. Na uraia hupewi bila Kijerumani cha kiwango cha B1.

Mleta uzi: Shangazi, fungua uzi wako. ALIFUMBA MACHO!

Kijana Mpole: Mkuu, shika miisho. Yenye -lann na -óg au -eog ni ya kike: an leabharlann, maktaba, an fhuinneog, dirisha, na hiyo fh haitamkwi. Lugha nazo karibu zote za kike, Gaeilge, Kiayalandi chenyewe, ikiwemo, ila Béarla, Kiingereza, ni ya kiume.

Mleta uzi: Haitamkwi wameiandika ya nini?

Mama Wawili: Msinitajie dirisha. Ukungu umepanda mpaka darini, mwenye nyumba ananijibu "fungua madirisha". Januari hii!

Chai Rangi: Wako anajibu? Wangu hita imekufa tangu Krismasi, meseji anasoma anakausha.

Mgosi: Mama Wawili, tupia picha ya huo ukungu.